Sumaku Kwanza, Kopo Baadaye

Sebuleni kwangu hapa Tanga kuna fremu ya plastiki yenye Ayatul Kursi, kioo chenye maua ya kuchonga pembeni, taa ya mezani ya bati, chetezo, na dele la kahawa la marehemu bibi. Mabinti zangu wangevitupa vyote wakipata nafasi. Mimi nimevipiga rangi ya kupuliza vinavyostahili, na nilivyoviacha nimeviacha makusudi. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi kila mwenye simu ameshaona video ya kopo moja likigeuza kikuukuu kuwa kipya, na watu wameanza kupuliza hadi visivyopulizwa.

Kifaa changu cha kwanza ni sumaku, ile ya ndani ya spika mbovu inatosha. Iguse kwenye kinara au sinia linalong'aa kama shaba. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, kipulize upendavyo. Isiponasa, geuza kitu chako, ukwangue kidogo chini pasipoonekana. Ukikuta weupe, huenda ni aluminiamu, endelea na kazi. Ukikuta umanjano umeingia hadi ndani, weka kopo chini, tafuta ndimu na majivu, sugua. Dele la bibi lilikuwa jeusi tititi, na jirani mmoja alinishauri nilipige dhahabu. Dhahabu ya kopo juu ya shaba ya kweli! Kinyago cha mpingo nacho ni hivyo hivyo: kinataka kitambaa na mafuta kidogo, basi.

Lakini bati, fremu za mbao za bei rahisi, chupa na vyungu vya maua, hivyo ndivyo riziki ya kopo. Na tangu mwanzo lilikuwa la vitu vya nyumbani. Mwaka 1949, katika mji wa Sycamore, jimbo la Illinois huko Marekani, mfanyabiashara wa rangi aitwaye Ed Seymour alitafuta namna ya kuwaonyesha wateja rangi yake ya aluminiamu, ya kupaka vyuma vya kupashia nyumba joto. Mkewe, Bonnie, ndiye aliyemwambia aitie kwenye kopo la kupuliza, kama yale ya manukato ya chumba. Ile gololi inayogonga ndani ukitikisa ina kazi yake: rangi nzito hutulia chini, nayo huikoroga. Tikisa dakika nzima, na uendelee kutikisa kila unapopumzika.

Kazi kubwa iko kabla ya rangi. Nyumba za pwani zina chumvi. Huioni, ila pangusa nondo za dirisha kisha ulambe kidole. Rangi ikiwekwa juu ya chumvi, kutu inaendelea kula chini kwa chini mpaka rangi ibanduke. Kwa hiyo osha kwa sabuni, suuza, kausha juani, piga msasa namba 120 penye kutu kisha 320 pote, halafu praima. Kwa kioo cha ukutani, napaka mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole pembezoni mwa kioo, nabandika gazeti juu yake. Rangi ikirukia hapo inafutika. Kitu cha zamani sana chenye rangi ya mafuta nakipiga msasa kikiwa kimelowa maji, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Halafu hali ya hewa. Thina iliyomo ndani ya rangi hupaa haraka na kupoza kile ilichoangukia, kama spiriti inavyopoza mkono kabla ya sindano. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hujikusanya juu ya rangi mbichi, na nyeusi yako ya kung'aa inaota ukungu mweupe. Masika sigusi kopo. Kiangazi cha kaskazi nafanya kazi asubuhi umande ukishakauka, nje, upepo haujachachamaa, na barakoa usoni. Simama umbali wa shubiri moja na ushee, anza kupuliza kabla hujafika kwenye kitu na umalizie ukishakipita. Piga mikono mitatu myepesi; mmoja mzito utachuruzika. Ukitaka dhahabu yenye kina, tanguliza nyeusi.

Plastiki ina ubishi wake. Ile laini ya ndoo na viti haishiki rangi bila praima yake maalumu. Ukucha tu unaibandua. Na mapambo ya lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, usithubutu: thina inaliyeyusha ukiona.

Chetezo nilikipeleka kwa fundi rangi wa magari mtaani kwetu. Alikitazama, akacheka.

"Mama, hiki unawekea makaa?"

"Na ubani, mwanangu. Kila Alhamisi."

"Basi rangi ya kawaida itaungua, mtavuta moshi wake na ubani wenu. Nikupigie ya ekzosi, ile haiogopi moto. Ila ndani sipigi."

Nilikubali. Kimetoka cheusi kisichong'aa, na kusema kweli ndicho kizuri kuliko vyote.

Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke hewa tupu. Tundu halitaziba hadi safari nyingine. Na likiisha, lisiingie kwenye takataka za kuchomwa uani. Gesi inayosukuma rangi siku hizi kwa kawaida ni ya jamii ile ile ya mtungi wa jikoni, na kopo unalodhani ni tupu bado lina mabaki ya kutosha kulipuka. La kwangu nalirudisha kwa yule fundi, analiweka na ya kwake.