Dhima ya Serotonini katika Viungo vya Uzazi vya Mamalia Dume

Serotonini hufahamika zaidi kama kemikali ya ubongo inayohusishwa na hisia, usingizi na hamu ya kula. Umaarufu huo umefunika ukweli kwamba takribani asilimia 90 ya serotonini yote mwilini hupatikana katika utumbo, na kwamba ilitengwa kwanza kutoka katika damu. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliitenga wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu. Kwa mchunguzi wa korodani, sifa hiyo ya kubana mishipa ni muhimu kuliko sifa zake za ubongoni.

Serotonini haivuki kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kwa hiyo mwili una akiba mbili. Zote hutokana na triptofani iliyomo katika chakula, lakini kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wake katika neva si kile kinachofanya kazi hiyo katika tishu nyingine. Tafiti zinazohamisha matokeo ya akiba moja hadi nyingine bila uthibitisho huzua mkanganyiko mwingi.

Katika korodani ya panya, seli za Leydig, ambazo hutengeneza testosteroni, zina vipokezi vya serotonini. Vipokezi hivyo vikiamshwa, utengenezaji wa testosteroni hupungua. Aidha, panya wanaodungwa serotonini kwa dozi kubwa hupungukiwa na damu katika korodani, na tishu zinazozalisha mbegu huharibika. Kwa ushahidi huu pekee, serotonini ingeonekana kuwa adui wa uzazi. Hata hivyo, mbegu za hamsta zinapowekwa pamoja na serotonini katika chombo cha maabara, mkia wake hupiga kwa nguvu zaidi, mwendo ambao mbegu huuhitaji ili kulifikia na kulipenya yai. Kuiita serotonini kizuizi cha uzazi, kama inavyofanywa mara kwa mara, ni kuhukumu kabla ya kutaja seli, kipokezi na kiasi.

Utoaji wa shahawa ni suala jingine, kwa kuwa huongozwa na ubongo na uti wa mgongo. Humo serotonini kwa jumla huchelewesha, ingawa katika panya kuamshwa kwa kipokezi cha 5-HT1A huharakisha. Ndiyo sababu dawa za sonona zinazozuia serotonini kurudishwa ndani ya neva huchelewesha mshindo, na dapoksetini, ya kundi hilohilo, hutumika kutibu wanaofika kileleni mapema mno.

Dawa hizo hazibagui akiba: huzuia pia chembe sahani za damu kufyonza serotonini. Mwanamume anayezitumia huku akitafuta mtoto huwa na maswali mawili, la kuchelewa kwa mshindo na la ubora wa mbegu. Swali la pili halijibiwi kwa kumuuliza kuhusu tendo la ndoa; hujibiwa kwa kupima shahawa.