Msiba Usio na Matanga: Kupona Baada ya Kuacha Dini ya Masharti Makali

Anayeiacha dini iliyompangia mavazi, kazi, ndoa na hata lugha ya nyumbani hupoteza mengi zaidi ya itikadi. Mabishano juu ya mafundisho aliyoyaacha, hata akiyashinda yote, hayamrudishii furaha, kwa kuwa jeraha lake kubwa liko kwa watu aliowaacha, ambao wangali hai na hawezi kuwalilia hadharani.

Waamishi wa Marekani wanaonyesha jambo hili waziwazi. Hawa ni Wakristo waliotokana na mfarakano ulioongozwa na Jakob Ammann huko Uswisi na Alsace mwaka 1693, na leo idadi yao inakadiriwa kuwa takriban 400,000, wengi wakiishi Pennsylvania, Ohio na Indiana. Mwamishi hubatizwa akiwa kijana mkubwa au mtu mzima, baada ya kuahidi mbele ya kanisa kwamba atazifuata kanuni zake za mwenendo, ziitwazo Ordnung. Anayeondoka kabla ya ubatizo hahesabiwi kuwa amevunja kiapo, hivyo huweza kurudi kuwatembelea wazazi na kula nao, ijapokuwa wao huumia. Lakini anayeondoka baada ya kubatizwa huwekewa Meidung, yaani adhabu ya kuepukwa, ambayo kanisa huijengea hoja kwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 5:11 na kwa Ungamo la Dordrecht la mwaka 1632.

Meidung haimaanishi kimya kabisa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Katika jumuiya zinazoishika sana, mama huweza kuzungumza na mwanawe aliyetengwa na kumpikia, lakini hapokei kitu kutoka mkononi mwake mpaka kwanza kiwekwe mezani, wala hapandi gari analoliendesha. Na zipo familia zinazosogeza meza mbili karibu, zikaacha upenyo mdogo kati yake, kisha zikazifunika kwa kitambaa kimoja, ili aliyetengwa ale pamoja na ndugu zake bila kula nao meza moja. Upendo na adhabu hutolewa na mikono ileile, na moyo haujui ushike lipi. Zaidi ya hayo, akipiga magoti mbele ya kanisa na kutubu hupokelewa tena, kwa hiyo kila ziara ya nyumbani ni mwaliko wa kurudi, na huzuni yake haifikii tamati.

Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia nchini Marekani, aliliita jambo la aina hii upotevu usio bayana, yaani kumpoteza mtu ambaye hajafa na wala hayupo kama alivyokuwa. Kwa aliyefiwa, watu hukusanyika, hupika, hulia na hatimaye huanua matanga, lakini kwa aliyetengwa hakuna anayekuja kutoa pole, na mara nyingi hata marafiki wapya humshangaa kwa kuwalilia watu waliomfukuza. Boss hashauri kulazimisha mwisho wa huzuni ya namna hii, bali humfundisha mtu kuzishika kweli mbili kwa pamoja, kwamba mama yupo na kwamba hayupo, bila kujilaumu kwa kushindwa kuchagua moja.

Hofu nayo hukawia kutoka. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba nje ya kanisa kuna maangamizi huweza kuacha kuliamini fundisho hilo na bado akashtuka usiku, kwa sababu hofu iliyozoewa haiondoki kwa hoja peke yake. Hupungua kidogokidogo, kadiri mtu anavyolitenda lile lililokatazwa na kuona kwamba janga halikuja. Mwanasaikolojia Marlene Winell aliyaita mateso haya sindromu ya kiwewe cha kidini mwaka 2011, ingawa jina hilo halijaingizwa katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani, na yafaa litumike kwa uangalifu, maana si kila anayeondoka huwa mgonjwa.

Yapo pia mahitaji ambayo ushauri nasaha hauwezi kuyatimiza. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder mwaka 1972, watoto wa Kiamishi wanaruhusiwa kuishia darasa la nane, na baadhi ya wanaoondoka hawana hata namba ya hifadhi ya jamii ambayo waajiri huidai. Kwa mtu kama huyo, kupata vitambulisho, kufaulu mtihani wa cheti cha sekondari na kupata chumba cha kupanga ni sehemu ya tiba, na mshauri anayeyapuuza hayo akang'ang'ania mazungumzo ya moyoni humchelewesha.

Wengi wa walioacha Uamishi huhamia makanisa mengine ya Kikristo, wengine hawarudi tena kanisani, na mshauri mwema hamsukumi mtu upande wowote, kwani aliyekwisha kuamuliwa maisha yake yote anahitaji kwanza kupewa nafasi ya kuamua mwenyewe, hata kama atachukua miaka.