Njia ya miguu ni ya wote: tuifungue

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumba,

Ndani ya kiwanda unajua sheria. Njia ya wenye kwenda kwa miguu imechorwa mistari chini, na hakuna anayeruhusiwa kuweka pale tuyo, chuma ao mfuko wa simenti. Akiweka, shefu anamwita hapo hapo. Kila mtu anafahamu sababu: mwenye kunyimwa njia yake atapita katika njia ya mashini, na mashini haina huruma.

Lakini tukiisha kutoka kiwandani, tunasahau. Tazama trotwari ya avenyu yako. Mmoja ameweka meza ya kuuzia. Wa pili amemwaga mchanga wa kujengea. Wa tatu ameegesha motokari. Mfuniko wa betoni wa mfereji umevunjika na shimo linabaki wazi. Kila mmoja anasema: «Ni pahali padogo tu.» Na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, atapita wapi? Na kipofu mwenye fimbo? Na mwenzetu aliyekatwa mguu? Na mzee aliyemaliza kazi, ambaye magoti yanamuuma? Wote watashuka barabarani, kati ya motokari na taksi-moto.

Hapo ndipo aksida inapozaliwa. Katika hesabu yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilisema kwamba watu karibu 1 190 000 wanakufa barabarani kila mwaka duniani. Zaidi ya nusu yao ni wenye kwenda kwa miguu, kwa kinga na kwa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna kitu kingine kinachoua wengi zaidi.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Kamata barabara yenye upana wa metre 7. Kijana mwenye nguvu anatembea karibu metre 1,2 kwa sekunde. Atavuka kwa sekunde 6. Mzee, ao mtu wa fimbo, anatembea karibu metre 0,8. Atahitaji sekunde 9.

Sasa motokari inakuja, ingali mbali metre 100, inakimbia kilometre 50 kwa saa. Itafika kwa sekunde 7. Kijana amekwisha kuvuka. Mzee angali barabarani.

Motokari ile ile ikienda kilometre 30 kwa saa, itafika kwa sekunde 12. Mzee naye amefika ng'ambo, na ametulia. Ndugu shofere, umeona? Ukipunguza mbio karibu na soko, masomo ao hopitali, huwapotezi wakati wako. Unampa mzee wako nafasi ya kuvuka.

KAMYO KUBWA

Barabara ya taifa namba 1 inaunganisha Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na juu yake zinapita kamyo nyingi zenye shaba na kobalti, kuelekea Kasumbalesa. Shofere wa kamyo anakaa juu sana. Mtoto akipita karibu kabisa mbele ya kamyo, hamwoni. Tena mashofere wengi wanatoka Zambia na Tanzania, kule wanakoendesha upande wa kushoto. Hapa kwetu ni upande wa kuume. Fundisha mtoto wako: tazama kushoto, tazama kuume, tazama tena kushoto, kisha vuka bila kukimbia. Asivuke kamwe mbele ya kamyo iliyosimama ao nyuma yake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Fungua njia mbele ya nyumba yako. Kinga ya mwenye kilema, ile ya magurudumu, inahitaji angalau santimetre 90. Watu wawili wapate kupishana, metre 1 na nusu.

2. Mahali penye kipandio, tia mteremko wa betoni. Kipimo ni kirahisi: kwa kila santimetre 1 ya kwenda juu, santimetre 12 za urefu. Kipandio cha santimetre 10 kinaomba mteremko wa metre 1,20. Ukiufanya mfupi kuliko hapo, kinga ya mwenye kilema itarudi nyuma ao itapinduka. Kwaruza betoni ingali mbichi, kusudi isiteleze wakati wa mvua.

3. Funika shimo la mfereji. Tawi la mti lililosimikwa ndani linamwonya mwenye macho tu. Kipofu haoni tawi.

4. Pahali pasipo trotwari, tembea upande wa kushoto, ukitazama motokari zinazokuja. Ukienda kazi ya usiku, vaa gile yenye kung'aa tangu nyumbani.

5. Shofere, simama mbele ya mistari nyeupe wakati mtu anavuka. Usimpigie honi mwenye kwenda polepole. Pengine ni kiziwi, pengine mguu wake haumsaidii.

Mambo haya si sadaka. Sheria ya barabara ya inchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye kilema. Kazi kubwa, kama kujenga trotwari mpya na kupaka mistari, ni ya serikali na ya muji. Muende pamoja kwa shefu wa kartie na kwa komini, muonyeshe pahali gani pana hatari.

Lakini mchanga ulio mbele ya mlango wako haungoji komini. Siku ya salongo ijayo, kamateni mapau na toroli, muanze na njia inayoenda masomoni. Leo unaifungua kwa ajili ya jirani. Kesho, kama Mungu akikupa miaka, utaipita wewe mwenyewe na fimbo yako.

Msaidizi wa waganga