Njaa ya Ngomanisye: Nani alishika sheria Ukambani?

Swali la jinsi utulivu utakavyodumu iwapo serikali na masoko vitaporomoka huwafanya wengi kufikiria bunduki na malango ya chuma. Wakazi wa Kitui na Makueni hawana haja ya kukisia. Wahenga wao walipitia hali hiyo kati ya mwaka 1897 na 1900, katika njaa iliyopewa jina la Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali.

Ukame huo ulitanguliwa na sotoka iliyoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890, kisha ndui ikazuka. Utawala wa Waingereza, uliokuwa na kituo Machakos tangu mwaka 1889, ulikuwa bado mchanga na haukuweza kuwafikia wengi vijijini.

Wakamba hawakuwa na mfalme. Kesi ziliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na adhabu ya kawaida ilikuwa fidia ya mifugo. Ushahidi ulipotatanisha, watu waliapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoaminika kumwua mwongo au jamaa zake. Kwa mhalifu sugu kulikuwa na king'ole: umma kumwua kwa pamoja, lakini baada tu ya jamaa zake wa karibu kuridhia. Sharti hilo, ingawa ni la kutisha, lilikuwa na maana yake, kwani aliyeridhia hakuweza baadaye kudai kisasi.

Hata hivyo, mfumo huo ulitegemea kuwepo kwa mifugo na watu kukaa pamoja. Ngomanisye iliondoa vyote viwili. Mzee angetozaje faini ya ng'ombe katika boma tupu? Na kiapo kina uzito gani ikiwa mashahidi wote wamehama? Wizi na uvamizi uliongezeka. Familia nyingi zilikimbilia nyanda za juu za Wakikuyu, na baadhi ya wanawake na wasichana wakawekwa rehani huko ili kupata chakula. Hayo nayo ni sehemu ya jibu, japo masimulizi mengi huyaruka.

Kilichosalia kilikuwa uhusiano uliojengwa kabla ya shida. Aliyekuwa na ndugu wa kuchanjiana damu au mshirika wa biashara upande wa pili alikuwa na mlango wa kubisha. Mvua iliporejea, Waingereza walikuta mabaraza yaliyodhoofika, wakateua machifu wao wenyewe.

Mwaka 1984 njaa ilirudi. Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa na fedha mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo. Safari hii serikali ilisimama na kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Vijijini, mwethya, yaani makundi ya kazi za pamoja, yalikuwa tayari yamezoeana kwa miaka mingi ya kuchimba matuta. Makundi ya namna hiyo ndiyo hujenga mabwawa ya mchanga Kitui na Makueni hadi leo, na asiyefika kazini kwa kawaida hutozwa faini na wenzake, bila askari kuitwa.