Namba ya mkulima si hesabu, iandikwe kama jina

MSIMU wa korosho unapofunguliwa Mtwara na Lindi, karani wa chama cha msingi huwa na kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kupima mzigo wa mkulima. Ya pili ni kuingiza jina, namba ya uanachama na akaunti ya benki kwenye kompyuta, ili mnada ukimalizika fedha ziende kwa mwenyewe.

Kazi ya kwanza mkulima huisimamia kwa macho yake. Ya pili haioni, na huko ndiko malipo yake yanakoweza kukwama kwa sababu ya sifuri moja.

Chanzo ni tabia ya programu ya Excel, inayotumika katika ofisi nyingi. Kila unachoandika kwenye kisanduku, programu huamua yenyewe kama ni namba, tarehe au maneno. Ikiona tarakimu tupu, huchukulia kuwa ni kiasi, kama kilo au shilingi. Kwenye kiasi, sifuri ya mbele haina maana, hivyo huiondoa. Akaunti inayoanza na 01 hubaki inaanza na 1, na hiyo si akaunti ya mkulima tena.

Kitambulisho cha Taifa kina hatari zaidi. Namba yake ina tarakimu 20, lakini Excel huhifadhi 15 tu za mwanzo. Ukiiandika bila vistari, tano za mwisho hugeuka sifuri. Wakulima wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja.

Kuchanganya herufi na tarakimu husaidia, ila si kila mchanganyiko ni salama. Chama cha kahawa kikiamua kuwa MAR12 ni mkulima wa 12 wa Marangu, programu inaweza kuisoma kuwa tarehe 12 Machi. Namba ya shehena 12E5 nayo husomwa kuwa 12 ikifuatiwa na sifuri tano, yaani 1,200,000. Wanasayansi wa vinasaba walisumbuliwa na jambo hili hadi mwaka 2020, majina ya baadhi ya jeni, kama SEPT1 na MARCH1, yalipobadilishwa.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima ya namba za utambulisho, fungua sehemu ya fomati, kisha chagua Text. Kwa kisanduku kimoja, tanguliza alama ya king'oto (') kabla ya namba. Zingatia neno "kabla", kwa kuwa kubadili fomati baadaye hakurudishi sifuri wala tarakimu zilizopotea. Itabidi kurudi kwenye daftari.

Wapo makarani wanaotengeneza fomati ya "KR"0000, ili wakiandika 457 ionekane KR0457. Inapendeza machoni, lakini ndani ya kisanduku kuna 457 tu. Fomula ikitafuta KR0457 haitaipata. Ni heri kuandika namba kamili, tena yenye urefu ule ule kwa wote, kwa sababu zikipangwa kama maneno K10 hutangulia K2, wakati K002 na K010 hukaa mahali pake.

Tangu mwaka 2023, matoleo mapya ya Excel yana sehemu ya kuzima baadhi ya mageuzi haya. Kompyuta zenye matoleo ya zamani hazina nafasi hiyo, hivyo fomati bado ndiyo kinga.

Kanuni ni rahisi: usichoweza kukijumlisha wala kukigawanya, kiandike kama maneno. Nao wanachama wana haki ya kuomba orodha ibandikwe ukutani kabla haijapelekwa benki. Anayeijua vema namba ya akaunti ni mwenye akaunti, na kosa likionekana siku hiyo hurekebishwa kwa dakika moja.