Tarakilishi mbili, faili moja: Jinsi ya kuoanisha kazi nyumbani bila kuipoteza

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya tarakilishi, na katika nyumba nyingi tarakilishi si moja tena.

Chukua mfano wa familia iliyopanga nyumba katika ghorofa mtaani Kware, eneobunge la Embakasi Kusini, Nairobi. Mama huandika hesabu za duka katika tarakilishi ya mezani. Bintiye, mwanafunzi wa chuo kikuu, humsaidia kwa kipakatalishi chake. Kila jioni faili husafirishwa kwa flashi kutoka sebuleni hadi chumbani. Hatimaye hakuna ajuaye ni nakala ipi iliyo na madeni ya leo, na ipi ni ya juzi.

Dawa ya tatizo hili ni mtandao wa nyumbani. Mashine zote mbili zikiunganishwa na rauta moja, kwa waya au kwa waifai, huweza kupokezana faili moja kwa moja. Safari hiyo haipiti kwenye intaneti, hivyo haimalizi bando, na huendelea hata malipo ya intaneti yakiwa yamekwisha.

Njia ya kwanza ni kushiriki kabrasha. Katika mfumo wa Windows, mwenye tarakilishi huchagua kabrasha, hufungua sifa zake, kisha hutaja ni nani anayeruhusiwa kulisoma au kulibadilisha. Kama tarakilishi imepewa jina SEBULENI, kipakatalishi hulifikia kwa kuandika \\SEBULENI katika dirisha la faili, kisha neno la siri. Hapa nakala ni moja tu. Mashine iliyoihifadhi ikizimwa, au umeme ukipotea, mwenzake hana cha kusoma.

Njia ya pili ni kuoanisha: kila mashine huwa na nakala yake, na programu huzilinganisha na kuhamisha kilichobadilika. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, programu iliyoonyesha kwamba si lazima faili nzima itumwe upya. Vipande vilivyobadilika vyatosha. Syncthing, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, hailipishwi, na hufanya kazi hiyo yenyewe kila mashine zote mbili zinapowaka.

Hata hivyo, msomaji ajihadhari na mambo matatu. Kwanza, saa. Tarakilishi kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila inapochomolewa umeme. Programu inayotegemea tarehe yaweza kuidhania nakala mpya kuwa ya zamani na kuifuta kwa kuiandikia juu.

Pili, mgongano. Mama na binti wakihariri faili ileile kabla mashine hazijaonana, Syncthing haichanganyi kazi zao. Huzihifadhi zote mbili, moja ikiongezewa alama katika jina. Mtu ndiye wa kuzisoma na kuamua.

Tatu, na hili ndilo huumiza wengi, kuoanisha si kuweka akiba. Ukifuta faili huku, hufutwa na kule. Virusi vikiharibu nakala moja, uharibifu huoanishwa vilevile. Kwa hiyo iwepo nakala ya tatu katika diski ya nje, inayochomolewa baada ya kunakili.

Zaidi ya hayo, katika majumba ya kupanga yawezekana wapangaji kadhaa wakatumia rauta moja. Kabrasha lililoachwa wazi kwa kila mtu huonekana pia na jirani. Ikiwa rauta si yako, iambie tarakilishi kwamba mtandao huo ni wa umma, au weka rauta yako ndogo kati yako na wengine. Usiruhusu toleo la kwanza la itifaki ya Windows ya kushiriki faili: Mei 2017 programu hasidi WannaCry ilipenya humo na kufunga faili katika nchi nyingi duniani. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025.

Anza na kabrasha moja la majaribio, lisilo na kitu cha thamani. Badilisha faili, ifute, izime mashine moja, kisha utazame kinachotokea. Ukisharidhika, ndipo uikabidhi hesabu ya duka.