MAANDALIZI YA MAHOJIANO YA URAIA WA TAJNISI: UFAFANUZI KWA WAKAZI WA VISIWA NA MWAMBAO WA KILWA

Wakazi wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Songo Songo na vijiji vya mwambao hadi Lindi wanaokusudia kuomba uraia wa Tanzania kwa njia ya tajnisi, pamoja na watumishi wa Serikali wanaowahudumia, wanafahamishwa mambo ambayo mwombaji hupimwa kwayo, na hasa yale yanayohusu historia na utamaduni wa Taifa. Waombaji wengi hudhani kwamba jambo kubwa ni kukariri tarehe, kisha hufika mbele ya maofisa wakiwa na tarehe nyingi na vielelezo vichache.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995, mwombaji mtu mzima anatakiwa awe ameishi nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya tarehe ya kuomba. Tena, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa muda ambao ukijumlishwa haupungui miaka 7. Anatakiwa ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe amechangia au aweza kuchangia maendeleo ya uchumi, sayansi na teknolojia na ustawi wa utamaduni wa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi nchini akikubaliwa. Mwanamke aliyeolewa na raia ana njia yake: anaweza kuomba wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume aliyeoa raia hakuwekewa njia hiyo, bali huomba kwa masharti ya wote. Suala hili huulizwa mara nyingi katika mwambao, ambako ndoa za kuvuka mpaka si jambo geni.

Itaonekana kwamba Sheria yenyewe haikuweka mtihani wa maandishi wa historia. Katika hili Tanzania hutofautiana na nchi kama Uingereza, ambako tangu mwaka 2005 mwombaji hukaa mbele ya kompyuta na kujibu maswali 24 kwa dakika 45. Hapa kwetu maombi hupitia ngazi za chini hadi mkoa kabla ya kufika kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani, na mwombaji huhojiwa kwa mdomo. Hivyo basi, mtu yeyote anayeuza karatasi za "maswali na majibu ya uraia" anauza kitu ambacho Sheria haikitambui.

Hata hivyo, mtu asiyejua nchi imetoka wapi atapata shida kuonyesha kwamba ameishi ndani yake miaka hiyo yote. Yapo makosa matatu ambayo ni rahisi kufanywa, na kila moja lahitaji maelezo.

Kosa la kwanza ni kusema kwamba Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Iliyopata uhuru siku hiyo ni Tanganyika, ambayo ikawa Jamhuri mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962. Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani, na Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari 1964. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mwombaji akielewa mpangilio huu hatahitaji kukariri, kwa kuwa ataweza kueleza kwa nini 9 Desemba na 26 Aprili ni sikukuu mbili tofauti. Vivyo hivyo, TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na chama hicho kikaungana na Afro-Shirazi tarehe 5 Februari 1977 kuunda CCM. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992.

Kosa la pili lahusu Vita vya Maji Maji, na ni la kusikitisha likifanywa na mkazi wa Kilwa. Vita hivyo vilianzia katika wilaya hii, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, mwezi Julai 1905, wananchi walipong'oa pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa na Serikali ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, lakini mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907 na kufika Ungoni na kwingineko kusini. Wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Aidha, Hassan bin Omari Makunganya, ambaye watu humchanganya na mashujaa wa Maji Maji, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, yaani miaka 10 kabla. Naye aliwapinga Wajerumani, lakini vita vyake ni vingine.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba magofu yote ya Kilwa Kisiwani yalijengwa na Wareno. Wareno walifika mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Gereza linaloonekana leo ufukweni ni jengo la enzi ya Waomani juu ya mabaki ya ngome hiyo. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, na Husuni Kubwa ilijengwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331. Wakati huo dhahabu ya Sofala ilipita hapa, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe. Kuhusu asili ya wakazi wa kale, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha pia makaburi ya Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha kwamba watu wa miji ya mwambao walichanganya damu ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Uajemi, hasa kwa upande wa baba. Mji wa kale haukuwa wa wageni watupu, wala wageni hawakukosekana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Alama za Taifa hazihitaji maelezo marefu. Rangi ya kijani katika bendera ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, buluu ni maji na manjano ni madini. Ngao ya Taifa ina maneno Uhuru na Umoja. Mwenge wa Uhuru uliwashwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro Tanganyika ilipopata uhuru. Kwa upande wa utamaduni, hakuna orodha ya kukariri. Mvuvi anayeeleza kwa Kiswahili chake namna ya kutega wando, namna ya kumwamkia mkubwa na namna majirani wanavyochangiana wakati wa msiba ameeleza utamaduni wa kutosha. Lafudhi ya Kimakonde au Kimakua si upungufu wa lugha, na mtumishi asiihesabu hivyo.

Lililo zito kuliko yote hayo ni historia ya mwombaji mwenyewe. Mkoa wa Lindi uliwapokea wananchi wengi wa Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964: Frelimo ilikuwa na kambi Nachingwea, na makazi ya wakimbizi yaliwekwa Rutamba. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 walio wengi walirejea. Kuna mtu aliyevuka Ruvuma mgongoni mwa mama yake, akakulia kisiwani, akaoa, akazika wazazi wake hapa, na hana karatasi hata moja. Huyu ndiye hushauriwa na rafiki zake, kwa nia njema, aseme tu kwamba alizaliwa Kivinje.

Ushauri huo ni wa hatari. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la msingi unaweza kufutwa kwa mujibu wa Sheria hiyohiyo, hata baada ya miaka mingi. Kuzaliwa ng'ambo ya mto si kosa, na tajnisi imewekwa kwa ajili ya watu kama huyo. Lakini uongo juu ya mahali pa kuzaliwa waweza kumpokonya mtu kile alichostahili kupewa kwa ukweli. Wala mwombaji asidhani kwamba amekwisha kuingizwa pamoja na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000, ambao Serikali ilitangaza mwaka 2014 kuwapa uraia. Uamuzi ule uliwahusu wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mkazi wa Songo Songo huomba peke yake.

Watendaji wa vijiji na kata wanakumbushwa kuandika kile tu wanachokijua kuhusu makazi ya mwombaji. Barua inayosema kwamba mtu ameishi kijijini "tangu zamani" haimsaidii, kwani Sheria huhesabu miaka na miezi. Kadi ya kliniki ya mtoto, stakabadhi za ushuru wa samaki na cheti cha shule huonyesha tarehe kuliko barua ya sifa.

Mwombaji hutoa pia tangazo gazetini, ili mtu anayejua sababu ya kumzuia aiandikie mamlaka ya Uhamiaji. Jina lililo katika tangazo lifanane kabisa na lililo katika fomu. Uamuzi ni wa Waziri, naye halazimiki kutoa sababu. Akikubaliwa, mwombaji huukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii, kwa kuwa Sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Fomu na maelezo zaidi hupatikana katika ofisi za Uhamiaji. Wanaotoka visiwani wafunge vielelezo vyao halisi katika nailoni kabla ya kupanda mashua, na nakala waziache nyumbani.